Rezo ikianguka, nani atatuita? Mwaka mmoja wa kilabu yetu ya redio

Maneno yaliyosomwa mbele ya wenzetu mu mkutano wa Goma, mwisho wa mwezi wa tano 2022

Wandugu na wadada, wenzetu wa mapambano,

Aksanti kwa kuja, zaidi ninyi mliotoka Mugunga na Kanyaruchinya kwa mguu juu franga ya moto haikupatikana. Tumeombwa tueleze mwaka wetu. Wengi wenu mnatuita "batoto ba waya". Hatukasirike, jina ni zuri. Lakini leo tunataka mjue ile waya ni ya nini, imetugharimu nini, na kwa nini tunaona ni kazi ya raia kama kufagia barabara au kudai maji.

Tuanzie pale kila mtu wa Goma anapoanzia.

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, mbingu ilikuwa nyekundu upande wa Nyiragongo. Wazee walijua mbele yetu. Wao waliona moto wa 1977, wakaona ule wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, pale lava ilipopita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Sisi wengine tulikuwa watoto wa mgongoni, au hatujazaliwa. Umeme ukakatika mu kartye nyingi. Kila mtu akakamata simu. Mji mzima ukapiga saa ileile, na rezo ikakataa. Tulipiga mara kumi, mara ishirini, tukasikia tu ile sauti ya mashini inayosema mtu hapatikani.

Na pale rezo ilipokufa, uvumi ukafufuka. Mmoja alisema lava imeingia Birere. Mwingine alisema ziwa litalipuka usiku huu. Mwingine alisema kimbia Gisenyi, mwenzake alisema Gisenyi wamefunga, kimbia Sake. Familia moja ikagawanyika ku njia panda kwa sababu baba alisikia neno moja na mama alisikia lingine. Lava yenyewe ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 waliogopewa kuwa wamepotea.

Kisha ikafika tarehe 27. Asubuhi na mapema gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartye 10 za mji zitoke mara moja, juu wataalamu waliona moto uko chini ya mji na chini ya ziwa. Karibu watu laki nne waliondoka mu siku zile. Mnakumbuka barabara ya Sake: magodoro, mbuzi, chukudu zimebeba bibi na masufuria, magari yamekwama, na simu nyingi bila batiri.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameketi hapa leo, alipoteza mdogo wake wa miaka nane mu ile barabara. Siku nne. Alikuwa na simu, alikuwa na inite, alikuwa na namba za watu wengi, na hakuna kitu kilichomsaidia. Mtoto alipatikana kwa mama mmoja wa soko kule Sake. Alipatikana namna gani? Yule mama aliandika ku kikaratasi jina la mtoto, jina la baba yake na jina la avenue, akakipatia motari aliyekuwa anarudi Goma. Motari akauliza, akauliza, mpaka akafika ku mlango.

Kile kikaratasi ndicho mwalimu wetu wa kwanza. Kilitufundisha kwamba habari ndogo, iliyoandikwa sawasawa, mu mkono wa mtu mwaminifu, ina nguvu kuliko simu kubwa isiyo na rezo.

Tuliporudi mjini mu mwezi wa sita tukajiuliza: rezo ikianguka tena, nani atatuita? Na sisi tutamwita nani?

Jibu lilikuwa karibu na nyumba. Kuko mzee mmoja mu kartye yetu aliyeshika foni ya mfanyabiashara kwa miaka mingi, mbele simu za mkononi hazijafika huku. Ninyi vijana, ulizeni wazazi wenu. Zamani, mtu wa Goma akitaka kujua kama ndege ya Walikale imefika, kama bei ya haricot imepanda, kama mgonjwa amepona, alienda ku foni. Paroisi zilikuwa nazo, hospitali zilikuwa nazo, mashirika yalikuwa nayo. Waya mbili mu miti, batiri ya gari, na sauti inavuka pori lote bila mnara hata mmoja. Kuna fasi mu Kivu ambazo mpaka leo zinaishi kwa foni.

Tulimwendea mzee tukiwa tisa. Tulitaka atufundishe kusema. Akatucheka: "Nyinyi munakimbilia kinywa. Foni inaanzaka na masikio." Basi mwaka wetu wote, wandugu, umekuwa mwaka wa masikio. Tutaeleza kwa nini.

Kwanza, redio amateri ni nini? Siyo redio ya kutangaza muziki na habari. Siyo foni ya biashara pia. Ni watu wa kawaida, walimu, wanafunzi, mafundi, mapadri, ambao serikali ya nchi yao imewapa mtihani, ruhusa na jina la hewani, ili wajifunze ufundi wa mawimbi na kuzungumza na wenzao. Kila nchi ina herufi zake. Rwanda ni 9X, Burundi 9U, Uganda 5X, Tanzania 5H, Kenya 5Z. Sisi Kongo ni 9Q. Ukisikia mtu anaanza jina lake na 9Q, jua ni wa kwetu. Sheria zao ni kali: hakuna biashara, hakuna muziki, hakuna kuficha maneno kwa siri, na lazima utaje jina lako la hewani ili kila mtu ajue ni nani anasema. Na sheria za kimataifa zinawapa nafasi ya kusaidia kupitisha habari wakati wa maafa. Mu nchi nyingi, tetemeko likivunja minara, hawa watu ndio wa kwanza kusikika.

Sasa, tulifanya nini?

Kuanzia mwezi wa saba 2021 tulikutana kila siku ya posho mu parsele ya mzee. Mchango wetu ni franga 1000 kwa mtu kila wiki, ni kama nusu dola. Asiyekuwa nayo analeta msumari, kipande cha waya, au anakuja tu. Tuliununua waya wa shaba ku mafundi wa Birere, tukakata mikono miwili, kila mmoja karibu mita 10, tukaifunga katikati ya mti wa avoka na paa la jirani. Kwa nini mita 10? Kwa sababu mawimbi ya MHz 7 yana urefu wa karibu mita 40, na antene ya namna hii inataka nusu yake, mita 20, igawanywe mara mbili. Wengi wetu tulisoma hesabu miaka 12 bila kujua inatumika wapi. Ile siku tukajua. Tulikata vibaya mara ya kwanza, tukapoteza mita 3 za waya mzuri, na mzee hakutuambia kitu. Alitupatia tu mita ya kupimia nguo.

Usiku wa kwanza tulisikia kelele kama mvua ku mabati. Tukaanza kukata tamaa. Saa tatu ya usiku, SNEL ilipokata umeme mu kartye nzima, kelele ikashuka. Ndipo tukafahamu kwamba chaja, taa na televizyo za jirani ndizo zilikuwa zinapiga makelele. Ni mara ya kwanza mu maisha yetu kufurahia kukatika kwa umeme! Ndani ya ule ukimya, mtu wa Afrika Kusini alikuwa anamwelezea mwenzake mvua iliyoangusha mlingoti wake. Sauti nyembamba, lakini safi. Hakuna mnara, hakuna inite, hakuna satelite. Kuko tu waya yetu na waya yake.

Mu mwezi wa kumi tulifanya kazi ambayo tunajivunia zaidi. Kuko satelite moja, QO-100, iliyorushwa mwisho wa 2018, ambayo imebeba mtambo wa wapenzi wa redio. Imesimama juu ya Ikweta, ku digri 26 za Mashariki. Angalieni ramani. Digri 26 za Mashariki inapita ndani ya Kongo yetu, mashariki kidogo ya Kisangani! Wazungu wa Ulaya wanalaza dishi zao kuitafuta kusini. Wa Brazil wanaitafuta karibu na mwisho wa mbingu. Sisi iko juu ya kichwa chetu, kama jua la saa sita. Tulikamata dishi kuukuu, lile la duara lenye miguu mitatu na kichwa katikati, tukaligeuza liangalie juu. Jirani alituuliza kama tunataka kufulia.

Hakukosea sana. Wiki ileile mvua ilinyesha, dishi likajaa kama beseni, na satelite ikapotea. Tulitoboa tundu dogo chini, maji yakatoka, sauti zikarudi. Hilo hakuna kitabu kilituambia, juu vitabu vingi vimeandikwa na watu ambao dishi lao limelala. Kwa kichwa cha kawaida cha televizyo, kifaa kidogo cha USB cha dola zisizofika 40 na ordinateri ya zamani, tulisikiliza watu kuanzia Brazil mpaka Asia. Usiku mmoja tulisikia kituo cha utafiti cha Wajerumani kule Antarctica. Mdada mmoja wa kilabu, anayeuza makala ku Majengo, ndiye aliyeandika jina lake mu daftari: DP0GVN. Aliandika bila kosa.

Tulisikiliza pia kituo cha anga, ISS, ambacho kinazunguka dunia kila dakika 90 hivi. Kikipita juu yetu, redio yake ya wapenzi inasikika ku MHz 437.800, si zaidi ya dakika 10, na lazima uzungushe kidole polepole kufuata sauti juu mwendo wake unaivuta. Watoto wa parsele wanajua saa zake kuliko sisi.

Na tarehe 13 mwezi wa pili, Siku ya Redio Duniani, tuliweka meza ku kando ya soko tukatengeneza redio ndogo za mama wa soko bila malipo. Nyingi zilikuwa na ugonjwa mmoja: maji ya batiri yameoza vile vyuma vidogo. Kipande cha msasa na ndimu, dakika tano, redio inasema. Bibi mmoja alisema redio yake ilinyamaza tangu volkano. Alikuwa ameitunza juu alifikiri ni ya kutupwa lakini ilikuwa ya marehemu mume wake.

Hiyo ndiyo raha. Sasa tuseme uchungu, juu kilabu inayosema raha tu inawadanganya.

Tangu mwaka wote huo, wandugu, hatujasema hata neno moja hewani. Hata moja. Mnaweza kutucheka. Sababu ni hii: tunataka kusema kwa haki. Nchi yetu iko na sheria ya telekomunikasyo, sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020, na iko na chombo cha serikali cha kusimamia mawimbi. Tuliandika barua, tukaambatanisha majina, picha, mpango wa antene. Tukaipeleka ku biro moja hapa mjini. Biro ile ikatutuma ku biro nyingine. Ile nyingine ikasema mkubwa amesafiri. Aliporudi, karatasi imepotea. Tukaandika tena. "Mukuye kesho." Tena. "Hii inaamuliwaka Kinshasa." Hatutataja biro, juu hatutaki kugombana na karani ambaye yeye mwenyewe labda hajalipwa. Lakini tunauliza: barua ya raia inahitaji miezi mingapi kupata jibu, hata kama jibu ni hapana?

Uchungu wa pili. Mu mwezi wa kwanza mwaka huu, jioni moja, watu wa huduma moja ya usalama waliingia mu parsele. Mnajua tuko chini ya état de siège tangu mwezi wa tano 2021, na mu état de siège waya ku mti inatosha kumfanya mtu mshitakiwa. "Ile waya munapelekea nani habari?" Walichukua ordinateri, kifaa cha kusikilizia, na wenzetu wawili. Walilala huko chini, ku simenti. Mama wa mmoja alisimama nje usiku kucha na gudulia la chai ambalo hakuna mtu alilipokea.

Kilichowatoa ni daftari. Tangu siku ya kwanza mzee alitulazimisha kuandika kila kitu: tarehe, saa, frekwensi, tulisikia nani, alisema nini. Sisi tuliona ni kazi ya bure. Asubuhi tulipeleka daftari zote tatu. Mkubwa mmoja akafungua, akasoma ukurasa, akasoma mwingine, akauliza: "Hawa batu banazungumzaka tu mvua na antene?" Tukasema ndiyo, mara nyingi. Akacheka. Wakatuomba franga ya "kufungua mlango". Tukasema hatutoi, na tutakaa hapa mpaka watoke. Walitoka saa tisa ya mchana. Ordinateri mpaka leo haijarudi. Tumeandika barua tatu kuidai, na tutaandika ya nne.

Uchungu wa tatu uko ndani yetu wenyewe, na ni mzito kuliko ile mbili.

Baada ya kufungwa kwa wenzetu, baadhi ya wandugu walisema: "Tuko na watu wanaojua redio. Maandamano yamekatazwa. Intaneti wanaweza kuikata siku yoyote. Tuitumie redio kuitana barabarani." Hawakusema upuuzi. Sisi wote tunakumbuka tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, pale walipokata intaneti mu nchi nzima, na SMS nazo, karibu wiki tatu. Anayekata intaneti ya raia hana haki ya kumfundisha raia adabu. Tulijadili posho mbili nzima, na sauti zilipanda.

Mwishowe tulipiga kura, na wengi walisema hivi: redio ya kilabu haitakuwa kipaza sauti cha harakati. Tunataka mjue sababu, juu kuko waliosema tumeogopa.

Ya kwanza: hewani hakuna siri. Mawimbi ni barabara wazi. Ukisema "tukutane saa nne ku ronpwe", anayetaka kukupiga anasikia mbele ya anayetaka kuja. Tungewaweka vijana mu hatari na kuita hiyo ujanja.

Ya pili: tunamdai mkubwa aheshimu sheria. Tukivunja sheria ya mawimbi asubuhi, mchana tutamwambia nini?

Ya tatu ndiyo kubwa. Siku mlima utakapowaka tena, na utawaka, tutahitaji kila mtu atuamini: askari, mchungaji, shefu wa kartye, mama asiyependa harakati yetu hata kidogo. Tukiwa tumeichafua redio kwa mambo yetu, ile siku wataanza kwa kukata antene yetu, na mtoto wa miaka nane atakaa siku nne Sake tena. Kwa kuandamana tuko na miguu. Kwa kuitana tuko na vinywa, firimbi na kuta. Kwa ajili ya yule mtoto, kuko vitu vichache tu.

Wandugu wawili walitoka mu kilabu kwa sababu ya ile kura. Mmoja amerudi. Mwingine bado hatuzungumzi vizuri, na yuko hapa leo. Ndugu yetu, nafasi yako ku meza iko.

Sasa niulizeni, kama mtu haruhusiwi kusema hewani, anajiandaa namna gani kwa maafa? Tulifanya zoezi bila mawimbi. Mu mwezi wa tatu tuliweka watu sita kuanzia Ndosho mpaka Birere, kila mmoja fasi yake. Wa kwanza alipewa maneno ya kupitisha kwa kinywa, kama redio ingefanya: "Mama mmoja na watoto wawili wako ku kanisa Mugunga, mtoto wa tatu anatafutwa." Kila mtu anamfikia mwenzake, anamwambia, anarudi. Birere yalifika hivi: "Mama mmoja na watoto watatu wako ku kanisa Mugunga."

Tulicheka. Kisha yule mwenzetu aliyempoteza mdogo wake akasema, taratibu: "Sasa ule mutoto, hakuna mutu atamutafuta tena." Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo tukatengeneza karatasi yetu ya ujumbe, moja kwa wote: saa, fasi inapotoka, nani anatuma, nani anapokea, maneno yasiyozidi 25, na chini kabisa hesabu ya maneno. Anayepokea anahesabu. Kama alitumiwa maneno 14 na yeye ana 13, anarudisha. Majina tunayataja kwa herufi, Goma inakuwa Golf, Oscar, Mike, Alpha. Zoezi la pili, maneno yalifika bila kosa, lakini kwa kuchelewa zaidi ya saa moja, juu mtu wetu wa Katindo alienda kula. Zoezi la tatu yalifika yote, kwa dakika 35. Hiyo karatasi haitaki ruhusa ya biro yoyote. Tumeileta hapa, chukueni, ipelekeni mu kartye zenu.

Kosa letu lingine tuliseme. Tulianza wanaume wanane na mdada mmoja. Tulijidanganya kwamba wadada hawapendi waya. Kumbe tulikuwa tunakutana saa moja ya usiku, na hakuna mzazi wa Goma anayemwacha binti yake atembee saa ile. Tulihamisha mkutano ku saa tatu ya asubuhi. Leo tuko 23, na wadada ni 10. Hawakukosa mapenzi. Sisi tulikosa akili.

Kabla ya kumaliza, tunadai. Kilabu yetu ni ndogo, madai yetu nayo ni madogo, na ndiyo maana hakuna sababu ya kuyakataa.

Tunadai barua yetu ya ruhusa ijibiwe. Ndiyo au hapana, kwa maandishi na kwa sababu.

Tunadai ordinateri irudi, na raia asifungwe kwa sababu ya kusikiliza.

Tunadai wale wanaochunga mlima, wanasayansi wa Observatoire Volcanologique de Goma, wapewe njia za kufanya kazi. Baada ya moto wa mwaka jana, wao wenyewe walieleza kwamba msaada wa nje ulipoisha 2020, kwa miezi walikosa hata intaneti ya kupokea habari za vipimo vyao. Nchi inayochimba kobalti ya dunia nzima inakosa intaneti ya mlima mmoja?

Tunadai kila kartye iwe na mpango unaojulikana: njia gani, fasi gani ya kukutana, nani anaandika majina ya watoto. Usibandikwe ku mlango wa komini tu. Usomwe kanisani, msikitini, shuleni, sokoni.

Hizo ni za wakubwa. Na za kwetu? Vita vya M23 vimerudi Rutshuru tangu mwisho wa mwezi wa tatu, watu wanakimbia tena, na mlima nao haujalala. Tusingoje. Leo usiku, ukifika nyumbani, ulizana na watu wako: tukitengana, tutakutana wapi? Chagueni fasi mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Andika namba mbili za simu na jina la avenue ku kikaratasi, kishone ndani ya nguo ya mtoto. Tafuta redio ndogo ya batiri. Na ukipata habari ya kutisha ku simu, mbele ya kuituma, jiulize swali la daftari: nani alisema, saa ngapi, kutoka wapi? Ukikosa majibu, usitume.

Mwaka ujao, kama Mungu anapenda na kama biro inapenda, mtasikia jina linaloanza na 9Q likiita kutoka Goma. Neno letu la kwanza tumeshalichagua. Tutataja jina letu, mji wetu, na kuuliza: "Munatusikia?" Biro isipopenda, tutaendelea kusikiliza, kuandika na kubeba vikaratasi kwa mguu.

Tunakutana kila siku ya posho, saa tatu ya asubuhi. Uliza mu kartye, "batoto ba waya", watakuonyesha dishi linaloangalia juu. Usipokuwa na franga, kuja na masikio.

Tuko pamoja.